Kifaa Bila Mwalimu ni Mzigo: Zana za Dijitali katika Madarasa ya Arua na Koboko
Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi



Mwezi Februari mwaka 2025 Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, lilitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa mwaka 2024. Matokeo hayo hayakulingana na ya miaka iliyotangulia, kwa maana yalikuwa ya kwanza kutokana na mtaala mpya wa sekondari uliozinduliwa mwaka 2020. Chini ya mtaala huo, mwanafunzi hapimwi kwa kukariri peke yake. Asilimia 20 ya alama zake hutokana na kazi na miradi anayoifanya shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Anatakiwa atafute habari mwenyewe, azipime, azipange, kisha azieleze kwa maneno yake.

Hapana shaka kwamba shabaha hiyo ni njema. Lakini kwa mtoto wa Arua au Koboko, katika pembe ya kaskazini magharibi mwa nchi, linazuka swali zito. Habari hizo atazitafuta wapi, ikiwa shule yake haina maktaba, umeme wake si wa uhakika, na kitabu kimoja kinasomwa na watoto wengi walioinamiana juu ya dawati moja? Jibu linalotolewa siku hizi kila mahali ni moja: kompyuta, vishikwambi, simu na intaneti. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina hatari pia, na inafaa lichunguzwe kwa makini.

Huenda wako askari watakaouliza kwamba jambo hili la walimu lawahusu nini wao. Lawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari ni mzazi. Leo yuko Arua, mwaka ujao amehamishiwa Moroto au Mbarara, na mtoto wake anahama naye, anaacha shule, mwalimu na lugha aliyoanza kusomea. Pili, askari ndiye mlinzi wa mpaka, na mpaka wa West Nile una historia ambayo haiwezi kutenganishwa na habari za shule.

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92. Upande wake mmoja imegusa Kongo, na upande wa pili imegusa Sudan Kusini. Karibu na Koboko, mahali paitwapo Salia Musala, nchi tatu hukutana. Baada ya vita vya mwaka 1979, na mapigano yaliyofuata mwaka 1980 na 1981, mamia ya maelfu ya watu wa West Nile waliyaacha makwao wakakimbilia Sudan na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Watoto wa miaka ile walisomea ugenini, chini ya miti, na wengi hawakusoma kabisa. Utulivu haukurudi kwa siku moja. Mkataba wa amani na kundi la UNRF la Pili ulitiwa sahihi Yumbe mwezi Desemba mwaka 2002. Ndiyo kusema kwamba shule inaweza kufungwa kwa asubuhi moja ya milio ya bunduki, lakini pengo linaloachwa huzibwa kwa umri wa kizazi kizima.

Kisha zamu ikageuka. Waliokuwa wakimbizi wakawa wenyeji. Mwaka 2013 makazi ya Lobule yalifunguliwa wilayani Koboko kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Mwezi Agosti mwaka 2016 yakafunguliwa makazi ya Bidi Bidi katika wilaya jirani ya Yumbe, na kwa muda wa miezi michache yakapokea zaidi ya watu 270,000 kutoka Sudan Kusini. Mwezi Februari mwaka 2017 yakafuata makazi ya Imvepi. Wengi wa wageni hao walikuwa watoto, na mtoto akishapewa maji, chakula na hema, jambo la nne analolihitaji ni darasa. Shule za eneo hilo, ambazo tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997 zilikuwa zimekwisha kujaa, sasa zilijikuta na vyumba vyenye watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja na ubao mmoja.

Kabla jeraha hilo halijapona, ukaja ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi mwaka 2020, zikafunguliwa kwa sehemu tu kisha zikafungwa tena, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari mwaka 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na hatua hiyo, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyochukua muda mrefu zaidi. Katika miezi hiyo masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na karatasi zilizochapishwa. Wenye simu za kisasa na fedha za kununua intaneti waliendelea. Wasio nazo walikwenda shambani, sokoni na kwenye machimbo ya mawe, na wasichana wengi wakapata mimba na kuolewa kabla ya wakati. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba tofauti kati ya mwenye chombo na asiye nacho si jambo la starehe tena, bali ni jambo linaloamua maisha ya mtoto.

Basi kama chombo kina nguvu hiyo, kwa nini kisinunuliwe tu na kugawanywa kwa kila shule? Nchi jirani ya Kenya ilijaribu. Serikali iliyoingia mwaka 2013 iliahidi kompyuta kwa watoto wanaoanza shule, na kuanzia mwaka 2016 vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Ilikuwa kazi kubwa, na katika baadhi ya shule ilizaa matunda. Hata hivyo, katika shule nyingi vifaa hivyo vilikuja kufungiwa makabatini. Mwalimu hakufunzwa vya kutosha, betri zilikufa, fundi hakuwapo, na mwalimu mkuu aliyetia sahihi kuvipokea aliogopa kuvitoa visije vikaibiwa akalipishwa yeye.

Askari analielewa jambo hili upesi kuliko raia. Hakuna jeshi linalompa kuruti bunduki siku ya kwanza na kumwambia aende lindoni. Kwanza hufundishwa na mtu anayeijua, hujifunza kuifungua na kuifunga, kuisafisha na kuitunza, naye hukaguliwa. Bunduki isiyosafishwa hukwama siku inapohitajiwa. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Isiyo na mwenye kuifahamu, isiyo na umeme, na isiyo katika daftari la matunzo, ni mzigo juu ya rafu.

Upo ushahidi mwingine kutoka Kenya ambao unastahili kupimwa kwa utulivu. Mwaka 2013, katika shule za msingi za Kisumu, watafiti walijaribu njia tatu za kutumia vifaa vya dijitali katika kufundisha watoto wadogo kusoma. Katika fungu moja la shule, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Katika fungu la pili, walimu ndio waliopewa vishikwambi. Katika fungu la tatu, kishikwambi kilipewa mtu mmoja tu, yaani afisa anayezungukia shule nyingi, anayeketi nyuma ya darasa, akamtazama mwalimu anavyofundisha, kisha akamshauri. Shule za mafungu yote matatu zilikuwa na vitabu vizuri na walimu waliopata mafunzo, na katika mafungu yote watoto walisoma vizuri zaidi kuliko wa shule ambazo hazikupata chochote. Lakini wingi wa vifaa haukuleta faida iliyolingana na gharama yake. Njia iliyokuwa nafuu kuliko zote, kwa kila shilingi iliyotumika, ilikuwa ile ya kumpa kifaa afisa mshauri. Kuanzia mwaka 2015 Kenya iliifuata njia hiyo kwa nchi nzima katika mpango wake wa kusoma ulioitwa Tusome.

Funzo la Kisumu si kwamba watoto wasipewe kompyuta. Funzo lake ni mpangilio wa mambo: mwalimu kwanza, somo na kitabu chake pili, na kifaa tatu, kikiwa mkononi mwa yule atakayekitumia kuwasaidia wengi.

Likirudishwa West Nile, funzo hilo linakutana na mambo ambayo tayari yamefanyika. Mwaka 2009 msomi wa Uganda, Samuel Andema, alikamilisha utafiti juu ya matumizi ya kompyuta katika chuo kimoja cha ualimu wa shule za msingi katika sehemu hizo hizo za kaskazini magharibi. Aliyoyaeleza ni mambo ambayo mkufunzi yeyote wa vyuo vya pembezoni angeyatambua mara moja: walimu walikuwa na hamu ya kujifunza, na sera ya serikali ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini vifaa vilikuwa vichache, umeme ulikuwa taabu, na mafunzo ya kuviingiza vifaa hivyo ndani ya somo yalikuwa haba. Uvivu wa walimu haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa umbali uliopo kati ya agizo na nyenzo za kulitekeleza.

Tangu wakati huo umbali huo umepungua kwa kiasi. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECO ilianza kutoa umeme mwaka 2003 kwa mashine za mafuta, na mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak, wilayani Zombo, likaongeza megawati 3.5. Mwaka 2024 nyaya za gridi ya taifa zilifika Arua, na mwaka huo huo bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, likafunguliwa rasmi. Hilo ni jambo la kushangiliwa. Lakini umeme kufika Arua mjini si umeme kufika katika shule ya kijijini iliyo mwisho wa njia ya vumbi. Kwa shule hiyo, paneli ya jua na betri nzuri bado ndiyo njia ya karibu, mradi pawepo mtu wa kuifuta vumbi paneli na kuzuia betri isimalizwe usiku kwa kuchaji simu za kijiji kizima.

Kwa upande wa intaneti, vivyo hivyo si lazima kusubiri mnara. Ziko programu zilizotungwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao. Mojawapo ni Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, nayo imetumika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya. Masomo, picha na majaribio huwekwa mara moja katika kompyuta moja ndogo, na vifaa vingine vilivyomo darasani huyasoma kutoka hapo kwa mawimbi ya karibu, bila kulipia hata senti moja ya intaneti. Hata sheria ya kodi imelitazama jambo hili. Uganda ilipoweka ushuru wa asilimia 12 juu ya intaneti mwezi Julai mwaka 2021, ilisamehe intaneti ya huduma za tiba na elimu.

Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, ni lugha. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unaelekeza kwamba katika darasa la kwanza hadi la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani: Kilugbara kwa wengi wa Arua, Kikakwa kwa wengi wa Koboko. Ni agizo la busara, kwa kuwa mtoto hujifunza herufi upesi anapoyajua maneno. Lakini vitabu vya lugha ndogo havimletei mchapishaji faida, kwa hiyo haviandikwi. Hapa ndipo zana za dijitali zinapofanya kazi ambayo mashine ya kuchapa ilishindwa kuifanya. Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilianzisha mpango wa African Storybook, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za majaribio. Hadithi fupi zenye picha huwekwa wazi kwa kila mtu, bila malipo, na mwalimu mwenyewe anaweza kuzitafsiri, kuzitunga upya na kuzichapa. Kilugbara ni mojawapo ya lugha zilizopata hadithi kwa njia hiyo. Mwalimu mwenye simu moja na projekta ndogo ya betri huweza kuimulika hadithi ukutani, na watoto 100 waliokuwa hawaoni kitabu kimoja sasa wote wanasoma ukurasa mmoja kwa sauti moja.

Mfano huo unafaa uangaliwe hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna siri yote. Kifaa ni kimoja tu, na gharama yake inavumilika. Darasa zima linakitumia. Hadithi ni ya lugha inayofahamika. Na mwalimu hakuondolewa. Yeye ndiye anayesimamisha picha, anayeuliza nini kitafuata, anayemwita mtoto wa nyuma aliyenyamaza. Redio za mafundisho zilifanya vivyo hivyo zamani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Kenya ilifundisha Kiingereza kwa redio, na Zanzibar ikafuata njia ya namna hiyo kwa watoto wadogo kuanzia mwaka 2006. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu, na mtu mzima aliyekuwa nao akawaongoza. Mahali ambapo redio ilisema peke yake bila mtu wa kuwaongoza watoto, kama ilivyotokea katika nyumba nyingi wakati wa korona, sauti ilipita sikio hili ikatokea la pili.

Askari wa Afrika Mashariki hawana haja ya kuambiwa kwamba njia hiyo inawezekana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa West Nile waliingia katika kikosi cha King's African Rifles bila kujua kusoma. Walimu wa kijeshi waliwafundisha herufi na hesabu kambini, kwa Kiswahili, kwa kutumia ubao, magazeti ya askari, redio na magari ya sinema. Vifaa vile vilikuwa zana mpya za wakati wake. Vilifaa kwa sababu nyuma ya kila kimoja alisimama mwalimu mwenye ratiba na nidhamu. Na Kiswahili hicho cha kambini kiliporudi na wazee hao vijijini, kilibaki kuwa lugha ya soko na ya mpakani hadi leo. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wake ni wachache. Hapa pia sauti iliyorekodiwa, ikichezwa darasani na kurudiwa, inaweza kumsaidia mwalimu aliye mgeni wa lugha hiyo. Na askari mstaafu anayeizungumza vizuri anaweza kumsaidia zaidi.

Yako basi mambo ambayo vyombo vya ulinzi vinaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti. Mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuzijua shule zenye kompyuta na paneli katika eneo lake, akaziingiza katika njia ya doria ya usiku, na kuona kwamba namba za vifaa zimeandikwa kituoni, ili mwizi akosе soko. Mwalimu mkuu asiyeogopa wizi hatafungia vifaa kabatini. Fundi wa mawasiliano wa kikosi, ambaye hutengeneza redio na betri kila siku, anaweza kwa idhini ya mkubwa wake kuikagua shule iliyo kambini mara moja kwa muhula. Na kila askari aliye mzazi anaweza kukumbuka kwamba simu yake, inayotumika jioni kwa mpira na vichekesho, inatosha kumsomea mtoto hadithi moja. Lakini simu hiyo hiyo asimwachie mtoto peke yake, kwa maana katika intaneti wamo walaghai na wapotoshaji wa watoto, na hakuna askari anayeliacha lango wazi kwa kuwa tu yeye mwenyewe amo ndani.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Arua na Koboko hazihitaji kushindana na miji mikubwa kwa idadi ya mashine. Zinahitaji kwamba kila mashine iliyopo iwe na mwalimu anayeijua, umeme unaoihudumia, somo linaloifaa, lugha inayoeleweka, na ulinzi. Mahali ambapo mambo hayo matano yapo, kifaa kimoja kitawafaa watoto 100. Mahali ambapo hayapo, kipande cha chaki mkononi mwa mwalimu aliyejiandaa kitaendelea kuwa na thamani kupita ghala zima la kompyuta. Na mpaka ambao watoto wake wanasoma, wa Lobule na wa Vurra, wa mkimbizi na wa mwenyeji, wa askari na wa mkulima, ni mpaka ambao kesho utakuwa mwepesi zaidi kuulinda.